Vitambaa Ulivyotushonea

Wodi ya Watoto Wachanga
Alhamisi mchana

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu wa kukanyagia cherehani umeacha kukusumbua. Kama bado unauma, usijifanye kijana. Sare za watu zitasubiri. Mimi sijambo kiasi, kama utakavyosoma huko mbele.

Nianze na vile vitambaa vya utafiti. Ulilalamika kwamba hujawahi kushona nguo isiyo na mbele wala nyuma, ukaniuliza kwenye simu kama wauguzi siku hizi wanabebea vitunguu kifuani. Sikukueleza vizuri, kwa sababu wewe ulikuwa na haraka zako nami nilikuwa na zangu. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya siku zake, hana mafuta mwilini, hivyo hupoa upesi kama chai iliyosahauliwa. Kuna wanaolazwa kwanza kwenye kitanda chenye taa ya joto mpaka watulie, ndipo mama apewe. Wengine huwekwa kifuani pa mama tangu saa ya kwanza, ngozi kwa ngozi, wakafungwa kwa kitambaa chako wasiteleze. Tunatafuta njia ipi inaokoa wengi zaidi. Nani aende wapi, kompyuta ndiyo inayopiga kura; daktari hachagui na mama hachagui.

Kazi yangu ni kuwaeleza akina mama hayo na kuomba ridhaa yao. Karibu wote huniuliza kama mimi ningekuwa na mtoto humu ningekubali. Tumefundishwa tusijibu, maana jibu letu litawasukuma. Basi mimi husema kila mama anajiamulia mwenyewe, wao wakaniona nina roho ya jiwe. Mmoja aliniambia kuongea na mimi ni sawa na kuuliza redio swali.

Sasa kuna mama mmoja ambaye habari zake nataka uzijue. Alijifungua kwa upasuaji wiki iliyopita, mtoto wa kiume, unyayo wake haufiki urefu wa kidole changu cha kati. Aliridhia, na kura ikamwangukia kifuani. Jina mtoto bado hana, ana namba ya utafiti tu. Kila anapolazwa kitandani ili mama aoge, husahau kupumua, kama njiti wengi, mpaka muuguzi amguse unyayo. Akiwa kifuani hajasahau hata mara moja. Hayo si matokeo ya utafiti, matokeo bado. Ni macho yangu tu.

Juzi kidonda cha mama kikaanza kutoa usaha na homa ikapanda. Jumamosi wanamrudisha chumba cha upasuaji, na baada ya hapo hataweza kumbeba kwa muda. Utaratibu wetu unaruhusu mbebaji wa pili, ndugu yeyote mwenye afya ambaye mama amemchagua, awe mwanamke au mwanamume. Baba wa mtoto alipiga simu mara moja, tangu hapo hapatikani. Bibi mzaa mama ni marehemu. Wauguzi wanapokezana kumshika, lakini wodi imejaa na kila mmoja ana watoto wake wa kuangalia. Jumamosi atarudi kitandani, labda patakuwa na mtu wa kumgusa unyayo, labda hapatakuwa.

Nimemwandika kama mtu baki kwa sababu ndivyo mkono wangu ulivyozoea, na pia niliogopa ungeikunja barua kabla hujafika hapa. Mama huyo ni mimi, Baba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Niwie radhi, mimi niliuficha na nimezaa. Siku ya kuchukua vitambaa nilimtuma dereva wa hapa kazini kwa sababu tumbo lilikuwa limeshaonekana. Nilikumbuka ulivyomsema binti wa jirani mbele ya wateja alipopata mimba bila ndoa, nikaona macho yako sitayaweza. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, ila nigombezee huku huku, kwa sauti ya chini, maana kuna watoto wamelala.

Kazi ya mbebaji wa pili si ngumu. Utakaa kwenye kiti cha kuegemea, shati wazi, usijipake manukato, na usikilize anavyopumua. Najua utasema mambo ya watoto ni ya wanawake. Hata hapa walisema hivyo, mpaka fundi bomba mmoja akambeba wake siku tatu na hakuna aliyecheka, labda kwa sababu alikuwa amesinzia kuliko mtoto.

Barua hii anakuletea yule yule dereva. Atalala kwa dada yake, kesho asubuhi atapita dukani kukuchukua, ukikubali. Ukikataa, mwambie tu. Hana makuu, atanieleza vizuri. Wasalimie mafundi wenzako wa hapo barazani, na yule jirani, na binti yake zaidi.

Jambo moja la mwisho. Mjukuu wako amefungwa kwa kitambaa chako, mshono wako nimeutambua. Lakini vyote ni vya kipimo cha akina mama, na wewe mwenyewe ulisema bega la mwanamume halipiti hapo. Jipime kifua leo, Baba, ushone kimoja chako.

Binti yako,
Kifungo