Sungura wa Kula Nyumbani

Mgarr, Malta

Mdogo wangu Filomena huko Melbourne,

Mimi mzima, na sungura wamezaliana mpaka banda limejaa. Jumanne alikuja afisa wa mifugo. Jirani yetu Salvina kanichongea eti nauza nyama bila kibali.

Nikamwambia yule afisa, "Mwanangu, sheria naijua. Kuchinja kwa meza yangu ruksa, kuuza ndiyo marufuku."

"Na hawa wanaokula hapa kila Jumapili?"

"Wageni wangu."

"Mbona wanaleta mvinyo, mama? Hayo si malipo?"

"Kwani wewe ukialikwa kula sungura unakwenda mikono mitupu? Nani kakulea?"

Akacheka, akafunga faili lake. Lakini mlangoni akageuka: "Sheria inasema sungura ni wa familia. Familia yako nani?"

Nikafungua mdomo nimtaje mume wangu Wistin, nikakumbuka tulishamzika. Nikakutaja wewe.

Sasa basi. Tangu tugombanie nyumba ya mama hatujaandikiana, najua. Lakini mimi sitaki kuonekana mwongo mbele ya serikali. Njoo Krismasi tule.

Na usije mikono mitupu.

Dada yako,
Karmni