Sindano ya Kutoa Woga

Jumatatu, 4 Machi

Tangu asubuhi nachoma watu sindano. Wa Kailo, wa Kampene, wa hapa Kasuku, wamejaa kwenye baraza ya hospitali mpaka kule piki zinapopaki. Wote wanataka dawa mupya ya kutoa woga wa vita. Munganga anasema inageuza mwili wenyewe: ukiisha kuchomwa, hata watoto utakaozaa hawatakuwa na woga huo. Mimi nachoma tu. Mikono inaniuma.

Kesho ni zamu ya mama yangu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuchoma mwenyewe, alikataa wengine. Tangu vita mama analala na viatu miguuni, tayari kukimbilia pori. Miaka yote hiyo! Leo muchana amelala peku. Nimefurahi sana.

Jumatano, 6 Machi

Radi imepiga, mama ameendelea kutwanga majani ya sombe. Binti yangu Sifa ndiye aliyeingia chini ya kitanda. Ana miaka sita, vita hakuviona hata siku moja. Woga ameurithi kwa bibi yake. Munganga amemuandika kuchomwa Ijumaa. Nimekubali mbio mbio.

Alhamisi, 7 Machi

Sielewi.

Sifa amepewa jina la mama wa mama yangu, aliyeuawa njiani tulipokimbia. Kwa hiyo mama humuita "mama". Kila asubuhi anamuinamia, anaomba ruhusa ya kwenda soko. Sifa anajibu kizee: "Nenda, mutoto wangu, usikawie." Tunacheka wote. Leo Sifa amengoja mulangoni. Mama amepita tu. "Sogea, mutoto, niko na haraka."

Nimemukumbusha. Amenijibu bila hasira: "Mama yangu alikufa. Huyu njo mutoto wako."

Ni kweli. Kweli kabisa! Sasa mbona inaniuma?

Nimemuuliza munganga. Dawa haigusi mapendo, anasema. Nikamuuliza mapendo aliyapima na nini. Akainamia fishi zake, karatasi za wagonjwa.

Nina hasira na mama, nina hasira na mimi mwenyewe. Analala vizuri, nataka nini tena? Arudie viatu vyake? Mungu anisamehe, kidogo ndiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Sifa alikuwa wa kwanza. Amekaa kwenye kiti, mukono tayari, hajui kitu. Nimejaza sindano. Nikafikiria watoto wake, na watoto wa hao watoto. Nani amewauliza? Nyuma yangu munganga anasema harakisha.

Munganga alipogeuka, nimemwaga dawa kwenye ndoo. Nimemubandika Sifa pamba na kuandika kwenye fishi: amechomwa. Uongo wangu wa kwanza kazini.

Kisha nimewachoma wengine wote mpaka saa tisa. Watoto wa wenzangu. Kwao sikumwaga hata tone. Mimi ni muntu gani? Wenzangu walikuja wenyewe, walitaka. Hata mimi nilitaka, juzi tu. Kichwa kinazunguka.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi haiko leo. Mama amenikuta jikoni nalia. Ameniangalia kwa upole, mutulivu kabisa.

"Unalia nini?"

"Moshi, mama."

"Aah. Pole." Ameenda kuanika mupunga.

Zamani nisingemaliza hata hilo neno, angekuwa ameisha kunikumbatia.

Sifa ameingia nyuma yake. Ameangalia jiko, ameniangalia mimi. "Lakini moto hauko," amesema.

Amevuta kiti kidogo, amekaa karibu yangu.