Sababu ya Tatu ya Mzee wa Kanisa

Shoga, niko kwenye ngazi za hospitali. Nimekimbia wodini nisije nikaangua kicheko mbele ya wagonjwa!

Yule mzee wetu wa kanisa kaja kumwona shangazi na mguu wake uliovunjika. Hata pole hajatoa! Kasimama kando ya kitanda kama yuko mimbarini, anamweleza kwa nini Mungu huruhusu mateso. Sababu ya kwanza. Ya pili. Shangazi kafumba macho, anaugulia mguu wake.

Kufika ya tatu, "maumivu hutufunza uvumilivu," kaegemea kile chuma cha pembeni ya kitanda. Kikashuka kwa kishindo, kikambana kidole.

Mama yangu weee! Mzee kapiga yowe, wodi nzima ikageuka. "Mungu wangu, kwa nini mimi?"

Mzee wa kanisa huyo! Kwa nini mimi!

Shangazi kafumbua jicho moja. "Mzee, nikutajie sababu ya nne, au nikushike mkono?"

"Nishike, dada."

Kamshika. Halafu akamwambia polepole, "Hata Yesu alipofika msibani, alilia kwanza."

Nimechungulia sasa hivi. Bado wameshikana mikono, na sababu ya nne hakuna aliyeiulizia.