Mahindi Yaliyokosa Moshi

Nzuguni, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Wiki nzima kuna sauti haijanitoka sikioni: mkwaruzo mdogo, usiokatika, kama kucha juu ya karatasi kavu. Ilitoka ndani ya hindi. Mama Ndahani, mjane anayelea mjukuu wake kijijini karibu na Mvumi, alinibandikia hindi la mbegu sikioni kama simu.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Jiko lenu halina moshi, lakini lina wageni."

Dumuzi, wale wadudu watoboao nafaka, walikuwa wanamalizia mbegu yake yote, na mvua ziko karibu.

Kifua chako kinaendeleaje? Huko Newala bado unapuliza moto ukiwa umefumba macho? Mimi mzima, nasumbuliwa na vumbi tu.

Nilikuandikia kwamba mradi wetu unagawa majiko banifu. Kazi yenyewe naiamini. Masizi ya kuni hukaa hewani siku chache tu, lakini siku hizo yanaongeza joto na kuingia vifuani mwa watoto. Hewa ukaa itadumu kuliko wajukuu zako. Masizi ukiyazuia leo, nafuu unaiona mapema. Ndiyo maana nawadharau wanaoichezea nafasi hii.

Mkuu wetu alifundisha habari za masizi huku gari lake la dizeli likinguruma pembeni, eti ndani pasipate joto. Akina mama walilitazama gari, wakatazamana, wakacheka ndani ya khanga. Yeye akadhani somo limewafurahisha. Pamoja na digrii zetu zote, hakuna aliyeuliza kwa nini mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moto, yakilindwa na moshi ule ule tuliokuja kuufukuza. Tukaondoa mafiga, tukapiga picha, tukaenda zetu.

Mjukuu aliacha kukohoa. Mbegu ikaliwa. Sasa Mama Ndahani amerudisha mafiga ili aokoe mbegu atakayoazima kwa jirani, na mtoto anakohoa tena. Pipa moja lenye mfuniko wa kukaza lingetosha kuilinda mbegu bila moshi.

Nilipomweleza mkuu, akasema hayo ni maneno ya vijijini, niandike tu kwenye ripoti kwamba wanawake wa huku wanang'ang'ania mila. Namdharau, lakini siwezi kujitoa lawamani. Siku ile tulipoondoa mafiga niliyaona yale mahindi, mama. Nikakumbuka yako juu ya mafiga yetu, nikanyamaza, nisionekane mshamba mbele ya watu wa ofisini.

Nisalimie kaka Saidi na baiskeli zake za kutengeneza, na shangazi mkunga, ambaye angeuliza swali lile la mahindi kabla hajakaa.

Jumatatu niliituma ripoti kwa wafadhili bila kumwonyesha mkuu. Penye "mila" nimeandika "hatukuuliza", na jina langu nimelitanguliza. Funguo za ofisi nimerudisha. Nakala ya ripoti nimemwachia mkuu mezani, na juu yake nimeweka lile hindi alilonipa Mama Ndahani, likiwa bado linakwaruza.

Mwanao,
Zuhura