Wavu au Bati

Nyumbani,
3 Machi

Kwa mpwa wangu mpendwa, Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, na kwamba kikohozi ulichokitaja mara ya mwisho kimekwisha kukuaga. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo bado linajiona ndilo mkuu wa kaya.

YAH: UCHAGUZI WA KINGA ZA MIFEREJI YA PAA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea kwa heshima agizo lako kwamba nichague kinga za kufunika mifereji ya paa, ili majani yasiizibe tena. Agizo limekuja kwa wakati wake. Mvua ya juzi iliikuta mifereji imejaa majani ya mwarobaini alioupanda marehemu mama yako. Maji yalikosa njia ya kwenda kwenye tangi, yakarudi nyuma, yakapenya chini ya paa na kushuka kwenye ukuta wa chumba chako. Sasa ukuta huo una ramani ya nchi ambayo bado haijapata uhuru.

Naomba kukiri kwamba kuna sentensi yako moja niliyoirudia kuliko zote: "Sitaki mtu apande tena ngazi kwa ajili ya majani." Nilimsomea jirani yetu, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyenidaka siku ile ngazi iliponiponyoka. Nikamwambia: umesikia, mtoto niliyemlea anayahurumia magoti yangu hata akiwa mbali.

Dukani zipo aina tatu: sponji ya kujaza ndani ya mfereji, wavu wa waya mwembamba wa kutandaza juu, na bati la kufunika kabisa, lililokunjwa ukingoni ili maji yazunguke na kuingia kwa pembeni. Muuzaji anazisifia zote kwa maneno yaleyale, jambo linalonitia shaka. Naomba nafasi ya kuzijaribu kabla ya kuwasilisha pendekezo.

Wako kwa mapenzi ya siku zote,
Mjomba

*

12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kikohozi kimeondoka, zamu za hospitali zimebaki. Lipake goti dawa, usiligombeze. Msalimie fundi cherehani, mwambie gauni alilonishonea bado linanifaa, ingawa sasa linalalamika kidogo.

Barua yako nimeisoma jikoni nikicheka peke yangu. Mjomba, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, nikikaa chini ya meza yako ya kuwaandikia watu barua nje ya ofisi ya ardhi na kulamba stempu kama katibu wako: mtu wa nyumbani anaanziwa kwa afya yake, mtu wa ofisini anaanziwa kwa YAH. Sasa mimi unanipa vyote viwili. Niko nyumbani au niko ofisini?

Kuhusu kinga, mimi naona tuweke bati. Linafunika kabisa, linapendeza likitazamwa kutoka barabarani, na hakuna wa kuhangaika nalo. Rangi ifanane na paa. Udhamini uandikwe kwa nyumba, usiandikwe kwa jina la mtu. Na ukuta ukikauka, nipigie picha za kila chumba, na tangi pia.

Usipande ngazi.

Mpwa wako,
Katibu

*

Nyumbani,
22 Machi

Kwa mpwa wangu mpendwa, Katibu,

Salamu zako zimefika na gauni limesifiwa. Goti limepata dawa na limeshukuru kwa shingo upande. Ni matumaini yangu kwamba unapata usingizi baada ya zamu. Ama swali lako: uko nyumbani. YAH ni heshima tu ninayokuongezea.

YAH: MATOKEO YA MAJARIBIO NA OMBI LA KUFIKIRIWA UPYA

Nilikilaza kipande cha mfereji wa zamani juu ya matofali pale uani, nikakiegemezea bati kuukuu kama paa dogo, kwa mteremko uleule wa paa letu, kisha nikamwaga majani ya mwarobaini pamoja na maji ya ndoo. Fundi cherehani aliacha mashine yake na kuja kushuhudia.

"Mwandishi, leo umehamia kwenye mabomba?" alisema. "Si uyaandikie barua tu, yatakutii!"

Sponji ilikunywa maji ikashiba, na majani yakakaa juu yake kama wageni wasiojua kuaga. Bati la kufunika lilifanya vizuri nilipomwaga polepole. Nilipomwaga kwa nguvu ya mvua ya masika, maji hayakuzunguka ukingo. Yaliuruka mfereji, yakaingia katika viatu vya fundi cherehani.

"Hongera," alisema, huku akikamua soksi. "Umeununulia mfereji mwavuli."

Wavu ulipitisha maji yote. Majani yalibaki juu, yakakauka, na upepo ukayachukua. Yatakayong'ang'ania yatafagiwa kwa fagio la mpini mrefu, mfagiaji akiwa amesimama chini.

Kwa kuwa tangi ndilo linalotunywesha, na kwa kuwa bati lingelinyima maji siku zile hasa yanapokuja kwa wingi, ninaomba kwa unyenyekevu uridhie tuweke wavu.

Ukuta ukishakauka nitakipaka rangi chumba chako, ile ya maziwa uliyoipenda, ili siku utakaporudi kwa kudumu, kama ulivyoniahidi siku ya msiba wa mama yako, ukute kinakungoja. "Nyumba ni yetu sote, Mjomba," ulisema, "wewe itunze, mimi nitakuja kuzeeka humo pamoja nawe." Nilipomweleza fundi cherehani habari ya rangi, hakunitania. Aliinama, akavaa viatu vyake vilivyolowa, akarudi kwenye mashine. Huenda nilimuudhi kwa yale maji.

Wako kwa mapenzi ya siku zote,
Mjomba

*

2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, kazi tu.

Sawa, weka wavu. Nimeshaongea na fundi wa mifereji, atakuja Jumamosi ya wiki ijayo na vifaa vyake vyote. Tafadhali kila kitu kiishe kabla ya mwisho wa mwezi. Rangi ya chumba iache kwanza.

Mpwa wako

*

Nyumbani,
14 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Nakuombea afya. Yangu naomba tuiache leo.

YAH: MANENO YA FUNDI WA MIFEREJI

Fundi alifika Jumamosi kama ulivyosema. Ni kijana mwenye adabu. Aliegemeza ngazi ukutani, akanigeukia.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye mlinzi?"

"Marahaba. Mimi ndiye mjomba."

"Mjomba wa dereva?"

"Dereva gani?"

"Si yule wa malori, mwenye nyumba. Aliyenunua. Jana kanipigia, anasema wavu hataki, anataka bati, hana muda wa kufagia majani. Na lile tumbo lake, ngazi ataipanda saa ngapi?" Alicheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. "Mzee, kwani hukuambiwa?"

Nilimjibu kwamba nimeambiwa. Nilisema hivyo ili asikufikirie vibaya. Kisha nikamshikia ngazi, kwa sababu udongo wa upande ule ni laini, na nikaendelea kuishika mpaka bati la mwisho lilipofungwa.

Nikiwa pale chini nilipata muda wa kuzisoma upya barua zako zote kichwani. Picha za kila chumba. Udhamini uandikwe kwa nyumba. Lipendeze kutoka barabarani. Magoti yaliyokuwa yakionewa huruma hayakuwa yangu.

Hati ya nyumba hii lazima ilipita katika mlango wa ofisi ya ardhi, mbele ya meza yangu. Bila shaka siku hiyo nilikuwa nimeinama, nikimwandikia mtu mwingine ombi la kutoondolewa nyumbani kwake.

Nyumba aliiacha mama yako kwa jina lako. Kuiuza ni haki yako, nami nisingethubutu kuandika vinginevyo. Lakini kunifanya niichagulie mapambo, nilowe uani nikishindanisha sponji na wavu, na kunijibu "sawa, weka wavu" ilhali umeshajua! Niambie kama ni kweli. Neno moja latosha.

Mjomba

*

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Ni kweli.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Sitarudi kuishi huko. Nimekuwa nikijua kwa muda mrefu. Huku nimepata pa kuishi, nimepata na mtu, na nyumba ile ilikuwa njia pekee ya kuanza. Nilitaka kukwambia tangu Januari. Lakini nakujua. Ungeniandikia kurasa sita zenye "kwa kuwa" na "ninaomba kwa unyenyekevu," na kufika ukurasa wa pili ningekuwa nimeshavunja mauzo. Hakuna anayeweza kukataa barua yako, Mjomba. Nililelewa nikiona maofisa wakishindwa.

Dereva alisema hachukui nyumba yenye ukuta unaolowa. Nikaona bora nikuachie kazi ya mifereji, angalau ufurahi kidogo. Ulipoandika habari za ile ndoo, nililia.

Sijakutupa. Fundi cherehani amenikubalia uhamie chumba chake cha nyuma, tangu Februari. Kina dirisha. Nilimwomba asikwambie mpaka nitakapokwambia mwenyewe. Usimkasirikie yeye.

Nijibu, hata kwa matusi. Anza na goti.

Katibu wako

*

30 Aprili

Kwa Muuzaji wa Nyumba,

YAH: MAKABIDHIANO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Nyumba imefagiwa na ni tupu. Ukuta wa chumba cha mashariki umekauka. Haukupakwa rangi, kwa mujibu wa maelekezo yako.

2. Funguo ziko kwa fundi cherehani. Chumba chake cha nyuma hakikuhitajika, naye amearifiwa.

3. Mvua kubwa ilinyesha tarehe 25. Maji yaliruka mifereji yote na tangi halikupata kitu. Mnunuzi ashauriwe kuondoa bati na kuweka wavu. Wavu upo stoo, umekatwa tayari kwa kipimo cha mifereji, pamoja na skrubu zake. Fagio la mpini mrefu liko nyuma ya mlango.

4. Mwarobaini usikatwe. Majani ndiyo yanayosumbua, na dawa ya majani imetajwa katika aya ya 3.

5. Aliyetoka amechukua nguo zake, meza yake na kipande cha mfereji wa majaribio. Amepata chumba mjini. Paa lake halina mifereji.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa barua,
Nje ya ofisi ya ardhi