Kongo Nimetwishwa Mimi

Jumatatu, 4 Mei
Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, simu ikaita. Godlisten, kitinda mimba wangu, yuko jeshini. Wanatafutwa wa kwenda Kongo kuzuia waasi. Anayetaka ajiandikishe kabla ya Ijumaa jioni. "Mama, ukisema nenda, naenda. Ukikataa, nabaki."
Jamani! Wakubwa na mikutano yao yote wameshindwa kuelewana, niamue mimi na panga langu la majani? Nimekasirika mpaka mtori wa ndizi umeungua jikoni.

Jumanne, 5 Mei
Baba Godi anasema aende. Tukikaa kimya watu wanachinjwa tunatazama, na vita vitavuka ziwa vitufuate. Mdogo wake, shemeji Aminieli, anasema asiende. Nani katuita? Tumzike mtoto kwa ajili ya madini ya watu?
Wamebishana tangu chai hadi saa kumi. Wote wanaijua Kongo kama kihamba chao, shamba la nyumbani, na hakuna aliyefika hata Kigoma. Ng'ombe nimekamua mwenyewe. Kinachoniudhi zaidi, kila anayesema namwona ana haki.

Jumatano, 6 Mei
Shemeji kaja na ujanja. Nimpelekee Godlisten jani la isale, kumwomba asiende. Kwetu mtu akikuletea isale kukuomba jambo, humkatalii.
Upuuzi! Isale ni la kuombea msamaha, si kamba ya kumfungia mtu mzima. Nimemfokea. Alipoondoka nikaenda mpakani mwa shamba, yalikopandwa masale, nikakata moja. Nimelifunga kwenye gazeti, kesho liende na basi. Najichukia.

Alhamisi, 7 Mei
Nimeshuka mjini. Kabla ya stendi nikapita sokoni kwa Mama Furaha, Mkongomani anayeuza vitenge. Nikamuuliza: wanajeshi wa kigeni waliwasaidia au la?
Hakuacha kukunja vitenge. "Wa kwanza walikaa kambini tukichinjwa. Wa pili walipigana. Tukalala usingizi mwaka mzima, watoto wakasoma. Halafu wakaondoka, tukakimbia."
Nikauliza, na wanajeshi waliokufa je?
"Watatu, kwenye daraja letu. Majina yao sikuyajua."
Nilitaka jibu moja, kanipa mawili. Nimemkasirikia bure, maskini. Mwaka mzima wa kulala. Na mama watatu mahali fulani.
Jani sikulituma.

Ijumaa, 8 Mei
Nimempigia Godlisten saa nne. Nimesema nenda.
Akasema, "Sawa, Mama."
Baba Godi alitaka kunishukuru. Nikamwambia aniache.

Jumapili, 24 Mei
Mvua tangu ibada. Godlisten kapiga kuaga, wanaondoka jioni. Sauti yake ya kawaida. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa na uhakika utakataa." Akacheka kidogo.
Sikumuuliza kama alitaka nikatae. Nilimwambia anywe maji yaliyochemshwa.