Miti Miwili ya Yogyakarta

Baba,

Sijamwambia mtu hili, hata Mama. Siku tuliyokuzika, watu waliponishika mabega wakidhani ni uchungu mtupu, mimi nilikuwa nawaza Yogyakarta. Nilikuwa nawaza kwamba umeondoka tena bila mimi.

Miaka yote ulikuwa unakwenda. Unarudi na marobota ya batiki, vile vitambaa vya Java vya kuuza kwenye meza yetu mjini, unalala siku nzima, kisha ukiamka unakuwa yule Baba wa Durban, mkimya, macho kwenye televisheni. Nikikuuliza kukoje huko, unasema, "Joto. Watu wapole. Ukimaliza shule tutakwenda wote." Mimi ndiye niliyeleta kitabu cha maktaba na kukusomea habari za hekalu la Borobudur, maana niliamini wewe unalijua soko tu. Unakumbuka? Ulikuwa unakata kucha. Nilidhani husikii.

Sasa Kombe la Dunia limekwisha, wewe umekwisha, na biashara anaifanya Mama. Likizo ya Julai alinichukua nimsaidie kuchagua vitambaa. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo hapa Albert Park, alitusindikiza mpaka kwenye teksi: "Indonesia iko mbali ee? Basi uniletee hata savon ya hoteli!" Nimemletea sabuni mbili.

Tulifikia nyumba ile ile ya wageni uliyokuwa unafikia. Mlangoni akatoka msichana wa rika langu, Wulan, binti wa mwenye nyumba. Alipomwona Mama akaanza kulia, akasema kwa Kiingereza kwamba nyumba nzima ilimlilia Pak Salum. Pak maana yake Baba. Baadaye nilijua kwamba kwao kila mwanamume mzima huitwa hivyo, lakini pale mlangoni nilisikia tu binti mwingine akikuita Baba. Wakati wa kulala akatuambia, "Lala salama," kwa Kiswahili safi. Ulimfundisha wewe. Mimi mara ya mwisho kuniambia lala salama nilikuwa darasa la tatu.

Mama alipokuwa akibishana bei kule Malioboro, mtaa wa maduka, Wulan alinitembeza. Kila mahali ulikuwa umeshafika na familia yake. Hekalu la Prambanan: Wulan akasema, hapa Pak Salum aliteleza, tukacheka mpaka mlinzi akatufokea. Ufukwe wa Parangtritis: wenyeji wanaamini malkia wa bahari ile huwachukua wanaovaa kijani, basi hapa Pak Salum alivua shati lake la kijani akakimbia kifua wazi. Wewe, Baba? Ukimbie? Ufukweni Durban ulikuwa unabaki kwenye gari, madirisha juu. Nilicheka kwa adabu. Nilitamani kumsukuma majini.

Borobudur ndiko nilikoshindwa. Tulikuwa juu kabisa, ukungu unaondoka mashambani, nikafungua mdomo nieleze, kwa sababu kitu pekee nilichokuwa nacho pale ni yale niliyosoma. Wulan akanitangulia. Akanionyesha ile minara midogo yenye umbo la kengele, akasema hizi ni kengele za mawe zisizolia. Akasema majivu ya volkano na msitu vililifunika hekalu hadi watu wakalisahau.

Kengele za mawe zisizolia ni maneno yangu. Hayamo kitabuni. Niliyatunga mimi, wewe ukikata kucha. Hata hayo uliyachukua ukampa yeye. Niligeuka nikashuka ngazi bila kumngoja.

Jioni alinipeleka kwenye uwanja ulio kusini mwa kasri la sultani. Katikati yake kuna miti miwili mikubwa, na kati ya miti kuna nafasi pana ya kupita hata lori. Watu hufungwa kitambaa machoni wakatembea. Ukipita katikati, unalolitaka hutimia. Ukitazama ni rahisi, lakini karibu wote hupinda. Nilimuuliza kwa ukali wewe ulipita mara ngapi.

"Hajawahi," akasema. "Kila safari tulimbembeleza, kila safari alikataa. Alisema hii ni ya kufanya na Rehema. Kila siku kwake ni Rehema anasema hivi, Rehema amesoma vile. Hata zile kengele, ni Rehema anasema. Eish, nilikuchoka kabla sijakuona!"

Hiyo eish ya Durban nayo aliipata kwako.

Baba, kwa nini ulimwambia yeye? Mimi nilikuwa chumba cha pili. Ungegonga ukuta tu. Tangu pale mlangoni namwonea wivu, kumbe naye miaka yote ananionea mimi asiyenijua, na wewe katikati yetu umenyamaza huku, unacheka kule. Nimekusamehe, lakini si yote.

Nitamaliza shule, halafu nitarudi kwenye miti ile kwa miguu yangu. Na kila kitabu nitakachosoma nitakusimulia, hata ukinyamaza. Nimeshazoea kunyamaza kwako. Lala salama, Baba.

Jioni ile Wulan alinifunga kitambaa, nikatembea. Nilikuwa na hakika naenda moja kwa moja. Nilipofungua macho nilikuwa mbele ya mkokoteni wa mahindi ya kuchoma, mbali na miti yote miwili, na Wulan nyuma yangu amekaa chini kwa kucheka. Nikanunua mahindi mawili. Yeye nikampa lile dogo.

Wako,
Rehema